Birika Moja la Ma Koku

Wasikilizaji wapendwa, kama una kikombe mkononi, kishike kwanza. Usinywe. Pale alipofanya kazi mama tunayemkumbuka leo, hukupewa chai mpaka ujibu swali lake. Swali lilikuwa hili: "Leo hujui nini?"

Jina lake Immaculata Kokuberwa. Waliomzoea walimwita Ma Koku. Ametutoka Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Nyakato, hapa Mwanza, akiwa na miaka sitini na minane. Hakuwa profesa, wala daktari. Alimaliza darasa la saba kwao Kamachumu, akavuka ziwa kwa meli na sanduku lake la bati, akapata kazi ya kuchemsha chai katika kituo kidogo cha utafiti kando ya ziwa. Akaichemsha miaka thelathini na mmoja. Immaculata Kokuberwa, mhudumu wa chai.

Najua kuna anayeuliza, mhudumu wa chai anaingiaje katika kipindi hiki? Vuta kiti.

Kituo kile kilikuwa na watu wa kila namna. Ghorofani walikaa wa sayansi. Mmoja kazi yake ilikuwa kupasua vichwa vya sangara, atoe kijiwe kidogo kilichomo sikioni, ahesabu mistari yake chini ya hadubini, ajue samaki ana miaka mingapi. Mwingine alikuwa Dokta Nathaniel, mtu wa konokono. Konokono wa ziwani ndio wanaobeba kichocho, kwa hiyo Nathaniel aliamka na konokono na kulala na konokono.

Chini walikaa wengine. Venant alisoma barua za zamani za mapadri, zilizoliwa na mende pembeni, akitafuta ziwa lilijaa mwaka gani na kufika mlango wa nani. Na Hiral, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye babu yake aliuza vitambaa mjini. Hiral alichunguza mambo ya ukwe. Nani anakaa na nani, nani anampisha nani njiani, nani hali mbele ya nani.

Hawakupendana sana, tuseme ukweli. Ngazini walirushiana maneno.

"Hiral, bado unalipwa kusikiliza umbea wa vijijini?"

"Bado, Dokta. Na wewe bado unahesabu konokono? Wamefika wangapi, au wamekukimbia?"

Ikafika mahali mkuu wa kituo akatoa amri. Chai ya saa nne igawanywe mara mbili, ya juu na ya chini, ili watu wasipoteze muda kubishana. Ma Koku alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mkuu, birika ni moja." Akaondoka. Chai ikabaki mezani pamoja, chini ya turubai uani, na mihogo ya kuchemsha. Na swali likabaki lile lile. Mtu wa sangara alikiri hajui kwa nini mistari ya mwaka fulani imebanana. Venant, kikombe mkononi, akasema hajui kwa nini padri mmoja mwaka huo huo aliandika kwamba maji yamenuka na watu wameacha kuvua. Wakatazamana. Wakasahau mihogo.

Sasa nifikie lililomgusa Ma Koku mwenyewe.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, anaitwa Kokugonza. Kokugonza aliolewa upande wa Sengerema, kijiji cha Nyakasoga, kando kabisa ya ziwa. Mumewe ni Masalu, mtoto wa Mzee Luhende. Miaka saba iliyopita, Kokugonza alianza kuumwa tumbo. Alikuja kumtembelea mama yake. Enzi hizo daraja halijajengwa, mtu anasubiri kivuko cha Kigongo kwa jua lote. Alishuka amejishika ubavu.

Kokugonza mwenyewe tumempata kwa simu. Anasema: "Mama aliniangalia mara moja tu. Akaniuliza, choo chako kina damu? Nikasema ndiyo. Akakaa chini. Mimi sijawahi kumwona mama akikaa chini mchana."

Ilikuwa kichocho. Kokugonza alipata dozi yake hospitali. Lakini dozi moja inasaidia nini, kama kesho asubuhi unarudi kwenye maji yale yale? Kijijini ilisubiriwa dawa ya kila mwaka, ya kugawiwa kwa watu wote wanaoingia ziwani. Na wa kusema nani anaingia ziwani alikuwa Dokta Nathaniel. Ripoti yake ilikuwa imekwisha. Ilitakiwa iondoke Ijumaa. Ilisema hivi: Nyakasoga, wapewe wanafunzi na wavuvi. Wanawake wasihesabiwe, kwa sababu hawaingii majini.

Ma Koku hakuijua ripoti. Alichojua ni kwamba binti yake anafua ziwani kila siku ya Mungu.

Ikafika Jumatano, saa nne. Yaliyosemwa siku hiyo tumesimuliwa na Hiral, na Nathaniel mwenyewe hakukanusha.

Ma Koku alianza na Hiral. "Mwanangu, leo hujui nini?"

"Mama, leo sijui jambo dogo tu. Nimetoka Nyakasoga. Mwalo wa mitumbwi uko mbele ya nyumba zao, hatua hamsini. Lakini wanawake wakienda kufua wananizungusha nyuma ya mawe makubwa, robo saa, na ndoo kichwani. Nikiuliza wanacheka."

Akamgeukia Nathaniel. "Na wewe, baba?"

"Mimi leo najua kila kitu, Ma Koku. Ripoti imekwisha. Nipe chai."

"Hakuna chai."

Watu wakacheka. Nathaniel akakuna kichwa. "Haya. Kuna kimoja kinanikera. Konokono wenye vimelea wamejaa nyuma ya mawe. Wamejaa! Lakini nyuma ya mawe haendi mtu. Konokono hapati vimelea mpaka watu wamechafua maji. Sasa nani anachafua?"

Ma Koku akammiminia, kisha akaweka birika chini.

"Umejuaje kwamba haendi mtu?"

"Nimeweka mtu kwenye mwalo ule, mwezi mzima, alfajiri mpaka jioni, na daftari. Mtu mwaminifu. Ameandika wavuvi, ameandika watoto. Wanawake ameona watatu tu, mwezi mzima."

"Mtu gani?"

"Mzee mmoja wa hapo hapo. Anaitwa Luhende."

Hiral akaanza kucheka mpaka akashika meza. Ma Koku hakucheka. Alisema taratibu, "Luhende ana watoto wa kiume saba. Wote wameoa pale pale. Ndugu zake nao wana wao. Dokta, nusu ya wanawake wa Nyakasoga wanamwita huyo mzee baba mkwe."

Wasikilizaji, mmeshaelewa? Mke wa mtoto hawezi kufunga kanga kifuani, kuingia majini na kuoga, baba mkwe ameketi mbele yake na kalamu. Hawezi. Atazunguka nyuma ya mawe. Mzee Luhende alikuwa mwaminifu kweli. Aliandika alichokiona. Lakini palipokuwa na Luhende, wanawake hawakuwepo. Na wale watatu? Ilijulikana baadaye. Mmoja dada yake, wawili wageni.

Nathaniel aliinuka. Kisha akasema neno ambalo leo analijutia. "Mama, hii ni kazi ya miaka miwili. Ni sayansi. Haya ni mambo ya jikoni."

Ma Koku akanyoosha mkono, akakichukua kikombe cha Dokta, akakimwaga kwenye nyasi. "Mwanangu amelala Nyakato ameshika tumbo. Unaweza kuipeleka ripoti yako Ijumaa. Lakini usije ukaniambia tena kwamba hujui, maana sasa unajua."

Dokta alipanda ngazi, akajifungia. Alhamisi hakuonekana kwenye chai. Ijumaa ripoti haikuondoka.

Jumatatu alivuka Kigongo na Hiral. Sasa aliyemweka mwaloni alikuwa Dorcas, binti wa hapo hapo Nyakasoga, hajaolewa, hana mkwe wala nini. Mzee Luhende aliombwa apumzike nyumbani. Asubuhi ya kwanza tu, Dorcas aliandika wanawake arobaini na watatu. Arobaini na watatu, asubuhi moja. Nathaniel akatuambia: "Nilikuwa nimekagua maji, matope na konokono. Kiti ndicho sikukikagua, nani kakikalia."

Dawa ilifika baada ya mvua. Wanawake wa Nyakasoga walikunywa, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Kokugonza yu mzima. Ana watoto wawili.

Lakini Mzee Luhende alikasirika. Aliona ameitwa mwongo. Alipiga simu kwa mkwe mwenzake, yaani Ma Koku. "Mkwe, nimekosa nini? Niliandika nilichokiona!"

"Ndiyo, mkwe. Uliandika ulichokiona. Ambacho hukukiona, wewe mwenyewe ndiye uliyekizuia."

Mzee akakata simu. Wakapita miaka bila kusalimiana.

Siku moja Hiral alimgeuzia swali. "Na wewe, Ma Koku, hujui nini?" Alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyesubiri kuulizwa miaka yote. "Senene. Sijui senene wanajuaje kwamba Novemba imefika, hawana kalenda. Na kwetu zamani wanawake ndio waliowakamata, wakawanyonyoa mabawa, wakawakaanga, lakini kula waliambiwa wasile. Sijui nani alipanga hivyo, na aliogopa nini." Juu na chini wote walidai swali ni lao. Mpaka leo wanalifuata pamoja, wa wadudu kutoka juu na wa barua za mapadri kutoka chini. Jibu bado.

Wasikilizaji wapendwa, msiba ulikuwa Nyakato kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kamachumu. Mzee Luhende alikuja. Ana miaka themanini na kitu, alivuka darajani kwa basi, akapewa kiti cha heshima pale getini, karibu na bomba la maji. Wanawake wa Nyakasoga walikuja pia, na madumu ya kuchotea maji ya kupikia. Walipomwona mzee walisimama. Wakaanza kuangalia njia ya kuzunguka kwa jirani.

Mzee Luhende akawaona wamesimama. Hakuna aliyemwambia neno. Aliinuka, akakibeba kiti chake mwenyewe, akahamia nyuma ya nyumba. Wanawake wakapita.

Kokugonza alimpelekea chai kule nyuma kwa mkono wa mtoto wake, yeye akabaki kwenye kona ya ukuta. Mzee akasema kwa sauti, aisikie aliyejificha: "Mwambie mama yako, kuna mambo mimi sikuyajua."

Ndipo akanywa.

Tunatoa pole kwa Kokugonza, kwa Masalu na watoto, kwa ukoo mzima kule Kamachumu, na kwa wote wa pale kituoni, wa juu na wa chini. Poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mmoja pale alipo: kiti changu nimekiweka wapi, na ni nani anayezunguka nyuma ya mawe kwa sababu yangu?

Kikombe chako bado unacho. Mwambie aliye karibu nawe jambo moja usilolijua. Halafu kunywa.