Mhandisi Ofwono na Kihisi Kilevi

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mhandisi Osborn Ofwono anastaafu kazi ya kutunza madaraja hapa Tororo. Nimeombwa niandike mazuri yake. Nimeyatafuta.

Alianza na nyundo, akigonga nguzo na kusikiliza. Baadaye daraja la njia ya Mulanda likafungwa vihisi, vile vidude vinavyopima jinsi linavyotikisika na kupinda malori ya saruji yanapopita. Vihisi navyo huharibika vikadanganya, kwa hiyo ikaletwa programu ya kompyuta inayojifunza kutenga vipimo vibovu. Wa kuifundisha akateuliwa yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kiti kizuri.

Ualimu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kipimo kikiwa kidogo, ni kizima. Kikiwa kikubwa, basi kihisi kimeharibika. Kihisi cha katikati, kilichopiga kelele kila lori lilipopita, alikiita mlevi, na ofisi nzima tukacheka. Programu ilishika somo upesi, ikawa inafuta kelele hizo bila kuulizwa. Ilipopimwa ikapata tisini na tisa kwa mia. Mtihani aliutunga yeye, akausahihisha yeye, akanunuliwa keki.

Mwezi wa tatu fundi wetu Truphena alikitoa kihisi kile, akafunga kipya kutoka kwenye boksi. Kikasema yale yale. Mhandisi akaamua kwamba hicho nacho kimelewa. Nilikasirika, na hasira ninayo hadi leo, maana mama yangu huvuka hapo na karanga zake kila siku ya soko. Nilipomweleza, alinijibu nisibishane na kompyuta.

Jumamosi iliyopita dereva mmoja, Swaliki, alileta lori lake kuhamisha vyombo vya Mhandisi kwenda kwao Mulanda. Tukiwa tumebeba makochi, tulimsikia akimwambia: "Swaliki, usipite kwa daraja ile. Zungukia Nagongera, mafuta nitaongeza."

Makochi tuliyatua chini. Jumatatu daraja lilifungwa, na wakaguzi wakakuta ufa mahali penyewe, chini ya kihisi cha katikati. Katika vipimo vyote alivyowahi kutupa Mhandisi, hicho cha Jumamosi ndicho pekee tulichokiamini.

Asante, Mhandisi, hasa kwa hicho. Upumzike salama Mulanda, wewe na makochi yako. Wageni wa sherehe yako huko tutachelewa kidogo: tunazungukia Nagongera, na mama yangu yumo garini.