Yudith Asiulizwe Tena

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mchungaji wetu, shemeji yangu Yotham na dada yangu Edina wenye nyumba hii ya Nkuhungu, ndugu zetu mliotoka Zuzu na Hombolo, majirani wote: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, na Krismasi iendelee kuwa njema.

Nimepewa dakika mbili za kushukuru. Sauti hii mnayoisikia iliwahi kusimamisha treni ya mizigo pale Zuzu, kwa hiyo kipaza sauti kaeni nacho.

Nauli zimepanda, mmekuja. Maji ya mgawo, mmeoga. Umeme umekatika katikati ya nyimbo, mmeimba gizani. Hayo yote tumeyavumilia kwa vicheko. Mbona basi, ndugu zangu, midomo yetu wenyewe inatushinda?

Leo asubuhi nimekaa na mfupa wangu wa supu, dada yetu Paskazia anaingia: "Obedi, pole na kazi!" Kazi gani, ya mfupa? Kisha anamgeukia mpwa wangu Yudith, jasho linamtiririka, anawapikia ukoo mzima: "Na wewe mwanangu, bado huna kazi?" Paskazia, usiiname, hukuwa na nia mbaya. Wote tumemuuliza, tena kwa zamu.

Kumbe binti amefunga begi. "Mjomba, kesho naondoka." Unakwenda wapi? "Popote wasiponijua." Alinikataza kusema, lakini siri mimi huniwasha ulimi.

Mnadhani kwa kuwa wizara ziko hapa, ajira zinaokotwa barabarani? Nilimsindikiza kwenye usaili. Mlinzi wa getini alinipigia saluti mimi, akidhani katibu mkuu kafika. Lakini vijana wenye digrii kama yeye walijaa hadi nje ya uzio, na nafasi zenyewe zisingejaza benchi moja. Mtoto huyu kakosea wapi?

Kwa hiyo naomba, mbele ya Mheshimiwa: anayetaka kumuuliza, aje na kazi mkononi. Asiye nayo amuulize afya, asifie mapishi, ampishe akae. Hapa ni kwao.

Unasemaje, Yudith, hapo mlangoni? Hebu kimya, jamani. "Mjomba, kaa chini, wali unapoa. Na kesho vyombo utaosha wewe, nitakusimamia."

Mmesikia? Kesho atanisimamia! Dada Edina, futa machozi, mpakulie mwanao.

Ahsanteni kwa masikio yenu, nakaa.