Tabitha Wangare Mwaura, Mwenye Shamba Mau Narok

Mchungaji, majirani na wapendwa wote mliofika hapa Mau Narok, mimi ni Abby, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na mkicheka mahali msione haya, kwa sababu yeye mwenyewe alicheka kila alipofika hapo akisimulia.

Mama alizaliwa tarehe 4 Aprili 1952 huko Gilgil, binti wa marehemu Gachanja na marehemu Njoki, akasoma papo hapo Gilgil hadi sekondari, akasomea uuguzi mjini Nakuru na kuhitimu mwaka wa 1975, na tarehe 18 Desemba 1976 akafunga ndoa na baba yetu, Elijah Mwaura, wakajaliwa watoto watatu, Kamande, Sue na mimi.

Baba alifariki mwaka wa 1998, wakati mama alikuwa muuguzi katika zahanati ya hapa, naye mwaka wa 2001 akanunua ekari tano hizi mnazokanyaga leo, kisha Juni 2003 akaenda Leicester, Uingereza, kuuguza wagonjwa huko ili sisi tumalize masomo, akimwachia jirani yake, Chepchirchir, shamba alime viazi, kwa mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi, na kwa sharti kwamba waongee kwa simu kila Jumapili.

Tarehe 12 Juni 2014, dalali mmoja alifika hapa na mnunuzi na trekta, akiwa na makaratasi yaliyosema mwenye shamba amefia ng'ambo, na Chepchirchir, akiwa na jembe mkononi, akaenda akasimama mbele ya lile trekta.

"Ngoja kwanza, boss," akamwambia, "huyo unasema amekufa nimeongea na yeye Jumapili, ameniuliza kama viazi zimetoa maua."

"Mathe, sisi tuko na makaratasi," dalali akajibu, basi Chepchirchir akapiga simu, akaweka sauti kubwa, na mama, aliyekuwa kazini na yunifomu yake, akauliza mbele ya wote, "Mimi ndio Wangare. Ni nani amenizika, na mlikula nini kwa matanga yangu?"

Mnunuzi alirudi kwa gari lake bila kuaga, na dereva wa trekta akageuza mwenyewe.

Lakini mama hakulala na furaha hiyo, aliomba likizo na baada ya siku tisa alikuwa Nakuru katika ofisi ya ardhi, ambako karani alisoma yale maombi ya kuhamisha shamba, yaliyokuwa hayajapitishwa, akaangalia pasipoti, akasema kwa upole, "Mathe, hapa imeandikwa ulifariki," naye akajibu, "Nimekuja kuuliza ni nani aliambiwa kabla yangu."

Siku hiyo aliweka zuio ili shamba lisihamishwe bila yeye kujulishwa, akaita sorveya akapanda upya bikoni za mpaka zilizokuwa zimeng'olewa, akazungusha ua wa miiba ya kayaba, na kila Januari aliomba nakala ya rekodi ya shamba, naye dalali alifikishwa kortini na kufungwa.

Mama alistaafu mwaka wa 2018, akajenga nyumba hii, akalima ngano, akaimba kwaya kwa sauti iliyozidi ya wote, na mwaka wa 2022 akatutembeza sisi watatu mpakani kwa miguu, bikoni kwa bikoni, kabla ya kutuandikisha kwenye hati ya shamba.

Alianza kuugua moyo mwezi wa Agosti 2024, akatibiwa Nakuru, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akatutoka akiwa amemshika Sue mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa Leicester walioamka mapema kutufuata kwa simu, wanakwaya, na majirani waliopika tangu Jumatano, na kwako Chepchirchir, tulikuomba ukae kiti cha mbele na familia, ukakataa ukisema ni cha dada za marehemu, nasi tunakuambia mbele ya watu hawa wote, njoo ukae, kiti ni chako.

Mama, umelala kwako, pumzika kwa amani.