Chupa Iliyofukiwa Kwenye Mtama

Bwana asifiwe! Na mnaosinzia kule nyuma, asifiwe tena!

Ndugu zangu, mimi ni Masunga, kidato cha pili, hapa hapa Bariadi. Mnanijua, ndiye ninayeigiza kikohozi cha mzee wa kanisa. Leo nimesimama kwa miguu miwili, na ushuhuda wangu ni huo.

Mguu ulivimba juu ya goti. Nyumbani Lalago nikachanjwa chale, uvimbe ukazidi. Hospitalini daktari akatoa kipande cha mfupa, akakitia kwenye chupa ya dawa. Akamwambia baba kwamba vivimbe vya mfupa hufanana kwenye hadubini, lakini kimoja kinataka mguu ukatwe, kingine kinatibika kwa dawa. Kipande kipelekwe Mwanza, kitafutiwe maabara ya kukipaka kingamwili. Hizo ni chembe za kinga zinazoshika seli za kivimbe kile cha dawa tu, zikaonekana kahawia. Nikaelewa. Ng'ombe wa kijiji wakichanganyika lamboni, baba akipiga mluzi, wanaogeuka ni wa kwetu.

Tukarudi na chupa nyumbani, tukasubiri lori la mnunuzi wa pamba liendalo Mwanza. Tangu soko lifunguliwe, malori ya watu binafsi yanakimbizana kwetu. Bibi akauliza mfupa unakwenda wapi. Na mimi na mdomo wangu! "Wakubwa wa Mwanza wanauchemshia supu, Bibi." Nikacheka mpaka mguu ukauma.

Kesho yake lori likapiga honi. Chupa hakuna! Baba akapekua hadi banda la kuku. Bibi anapukuchua mahindi tu, hata kichwa hainui.

Ndugu zangu, mzaha uliniishia! Nikapiga goti moja, la pili lilikataa. "Bibi, nilidanganya. Bila ile chupa watanikata."

"Ng'wanawane, mwanangu wee, mfupa wa mtu hautoki kwetu hivi hivi."

"Usipotoka huo, Bibi, utatoka mguu mzima."

Akainuka, akaenda kwenye kihenge, akaifukua chupa ndani ya mtama. Haijafunguliwa! Haleluya! Akamkabidhi dereva mwenyewe: "Huyu ni mjukuu wangu. Endesha taratibu."

Majibu yalichelewa, yakaja: kahawia! Ni saratani ile ya dawa. Nilitapika, nikawa na kipara kumshinda mwalimu mkuu. Mguu upo.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Bibi, yule pale mbele, ambaye ile supu hajanisamehe. Wewe unayeficha uvimbe chini ya kanga, mtumaini Bwana, kapimwe. Unaogopa? Nitakusindikiza, kwa miguu yangu yote miwili.