Dresa Isaka na Jicho Lililofungwa

Tarehe 30 Juni 1975, Mzee Isaka Alute anastaafu udresa baada ya miaka thelathini na mmoja. Alianza mwaka 1944 akichemsha sindano. Anaondoka akiwa mtu aliyebadili namna kituo hiki kinavyotibu macho ya watoto. Anayedhani dresa ni mfunga vidonda tu, na asome mpaka mwisho.

Mambo yake madogo mnayajua. Baiskeli yake haijapata kuwa na breki. Kiingereza alijifunza kwa kamusi isiyo na jalada, iliyoanzia herufi C. Lakini mimi, niliyefanya naye kazi hapa kituoni, sitamsifu kwa hayo. Nitamsifu kwa kosa lake.

Kituo kilikuwa na desturi: mtoto mchanga akiumia jicho, lilifungwa bandeji mpaka mama amalize palizi, ili vumbi na majani ya mtama yasimguse akiwa mgongoni. Mwaka 1966 Esta wa Issuna alimleta binti yake Kristina, mwenye miezi miwili, kope imechanwa na mwiba. Isaka alisafisha kidonda, akafunga, akabadilisha bandeji kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Kidonda kikapona, jicho likang'aa. Lakini Kristina akizibwa jicho la pili, alipapasa kama aliye gizani. Majirani wakasema kuna mkono wa mtu. Sisi tukaandika "jicho bovu" na kufunga daftari. Isaka peke yake hakulifunga.

Miaka miwili baadaye daktari mgeni alituachia mzigo wa majarida. Sisi tulifungia vidonge, Isaka akasoma. Humo watafiti wa ng'ambo walieleza walivyochunguza ubongo wa paka, sehemu ya kisogoni inayopokea habari za macho. Chembe za sehemu hiyo hazioni picha nzima. Moja husisimka kwa mstari uliosimama, nyingine kwa uliolala, nyingine kwa ulioinama. Zinazopenda mwelekeo mmoja hukaa pamoja, safu kwa safu, kama mtama uliopandwa kwa kamba. Macho mawili nayo yana vishamba vyao humo, vinavyopakana. Paka mchanga akizibwa jicho moja katika wiki zake za mwanzo, jicho hubaki zima, ila kishamba chake huchukuliwa na jirani. Paka mkubwa akizibwa hapotezi kitu, maana mipaka imekwisha wekwa.

Isaka alitufundisha haya kwa mkaa juu ya ungo. Ignas, mgawa dawa wetu, akamwita Dresa wa Paka, akauliza kama panya nao watapewa kadi za kliniki. Tulicheka, na mimi nilicheka. Wapo hata leo wanaosema elimu ya namna hiyo ni ya mabwana, sisi tunahitaji jembe na kwinini. Huo ni upuuzi. Ujinga tulioutangazia vita hauishi shambani tu. Unaweza kuishi ndani ya bandeji safi.

Jumamosi iliyofuata Isaka alipanda baiskeli mpaka Issuna. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemshuku. Alimwambia Esta mbele ya mumewe: "Mama Kristina, hakuna aliyemroga mtoto. Mimi ndiye niliyelifunga jicho lake."

Esta akajibu: "Basi wewe ndiye utakayelifungua."

Kazi ikaanza. Kila siku, kwa saa mbili, jicho zima lilizibwa ili lile dhaifu lidai kishamba chake. Isaka hakuahidi kitu. Mtoto si paka, na muda ulikuwa umekwenda. Kristina aling'oa kitambaa, akamng'ata dresa kidole. Kovu analo bado, mwombeni awaonyeshe. Kwa miaka minne alirudi kila Jumamosi. Huku kituoni nako alibishana na kamati ya kituo mpaka ikakubali: jicho la mtoto lisifungwe zaidi ya siku tatu bila kuangaliwa upya. Ignas mwenyewe aliyapaka maneno hayo ukutani kwa rangi nyeusi, herufi za urefu wa kiganja.

Jicho la Kristina halikupona lote, na tusimdanganye mtu. Lakini katika sherehe ya kumuaga Isaka, baada ya nyimbo, binti huyo wa darasa la pili atasimama hatua tano toka ukuta ule, atafunika jicho lake zima, na kutusomea maneno ya Ignas kwa lile tulilolifunga. Atakayetaka kuyafuta Isaka akishaondoka, ajue nitakuwa nimesimama mbele ya ukuta.

Asante, Mzee Isaka. Nenda nyumbani Ulemo kwa mkeo, Mama Theodora, na ng'ombe wako. Tunakuombea siku nyingi, na macho ya kuziona zote.