Abdallah Niliyemwita Usingizini

Alhamdulillah! Ndugu zangu, akina mama wa Hombo hapa Mutsamudu, semeni pamoja nami: Alhamdulillah!

Mimi ni Mama Zaina, wengi mnanijua. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni wakati wa ile serikali ya vijana. Kwa hiyo nitasema kwa maneno ya nyumbani tu.

Mume wangu Abdallah alikuwa na duka mjini Majunga, huko Bukini, kile kisiwa kikubwa cha ng'ambo. Watu wetu wa visiwa hivi walipouawa kule, mnakumbuka tulivyokuwa tukikimbilia bandarini kila meli ikiingia. Waliosalimika waliteremka, wengine hata viatu hawana. Abdallah hakuteremka. Akanijia mchukuzi mmoja aliyetoka huko huko, akasema mbele ya watu, "Mama Zaina, subiri kwa Mungu. Mumeo nimemzika mimi."

Nikamfukuza! "Uongo huo kamwambie mkeo!"

Nikaenda Moroni kwa dada yangu, anakaa mtaa wa Badjanani. Dada akanipeleka kwa mtu anayelaza watu kwa maneno. Wakati ule waganga walikuwa wakisakwa na serikali ile ya vijana, basi yeye kila mara anasema, "Mimi si mganga, mimi nalaza tu." Akaning'iniza pete kwenye uzi mbele ya macho yangu, akawa ananisemesha polepole, mwili ukawa mzito lakini namsikia. Akanifundisha: "Ukiota, tazama viganja vyako. Ukiviona, jua kwamba unaota. Hapo ndoto ni yako, mwite umtakaye."

Wallahi, iliwezekana! Abdallah alikuja, na koti lake, na mvi zake. Nikamuuliza, "U hai?" Akasema, "Ni hai, nakuja."

Niliporudi Mutsamudu nilikuwa najua kujilaza mwenyewe. Nikishaswali adhuhuri, nafunga mlango. Chungu kinaungua jikoni, alasiri inanipita. Nilijiambia hii ni kama istikhara tu, si huwa tunaswali tukangoja ndoto? Ndugu zangu, si kama istikhara! Kwenye istikhara unangoja kupewa. Mimi nilikuwa naamrisha.

Akaja mchumba wa Zaina, kijana mwenye adabu. Shemeji yangu, ndugu yake Abdallah, alikuwa tayari kumwozesha. Nikakataa. Baba yake Zaina yu hai, amesema tumngoje! Shemeji akanitazama. "Sasa shemeji, tumlaze na kadhi pia, ndoa ikafungwe huko huko ndotoni?" Miezi ikapita. Wazee wa kijana wakaanza kuangalia nyumba nyingine.

Zaina hakugombana nami. Mchana mmoja akaniambia, "Mama, leo ukimwona baba, muulize kitu kimoja. Siku ile anaondoka aliniinamia, akaninong'oneza sikioni. Aliniambia nini?"

Nikajilaza. Nikatazama viganja, nikamwita, akaja. Nikamuuliza. Ndugu zangu! Alifungua mdomo, akawa ananitazama usoni kama mtoto anayengoja atajiwe jibu. Nikamuuliza tena. Mimi nilikuwa sijui, basi na yeye hajui. Kila "nakuja" niliyoisikia, niliyeisema ni mimi.

Niliamka nalia. Zaina akanishika mkono. Sikumuuliza aliambiwa nini. Hicho ni chake na baba yake.

Alasiri ile ile nikaswali kwa wakati wake, nikajitanda nguo yangu ya shiromani, nikashuka bandarini kumtafuta yule mchukuzi. Nikamwomba radhi. Akaketi juu ya gunia akanieleza yote: maji ya kumwoshea yalikuwa ndoo moja tu, waliomswalia walikuwa wachache na wana hofu.

"Mlimwelekeza kibla?" nikauliza.

"Mama, hilo hatukuliacha."

Nilikaa eda yangu yote. Hitima ikasomwa. Shemeji akamwozesha Zaina bila ngoma wala makubwa, na mimi nilishukuru kwa machozi, maana kidogo tu angeachwa kwa ajili yangu.

Leo nalala kama watu wote. Mola akinionyesha Abdallah, nashukuru. Asiponionyesha, nashukuru. Mimi simwiti tena.

Najua humu ndani yupo mama anayemngoja mtu wa Majunga. Dada yangu, usimtafute kwa kujilaza. Huyo utakayemkuta hajui chochote. Yule wako wa kweli yuko kwa Mola wake, anahitaji dua yako. Mwachie Mwenyezi Mungu, Yeye hapotezi mtu!

Abdallah nilimnyima Fatiha kwa muda mrefu, huku nikisema nampenda. Naombeni, ndugu zangu, tunyanyue mikono tumsomee, yeye na wote waliozikwa kule.