Rubani Mzee na Kiti cha Mbele

Kijiwe cha Mama Joëlle, hapa Likasi, ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi dogo lililokufa. Mwisho wa kushoto hukaa Papa Barthélemy, kwa sababu kwetu dereva hukaa kushoto, na yeye ameendesha maisha yake yote. Siku hizi anaendesha basi la parokia. Tunamwita Commandant, maana kabla ya kuwasha injini hutangaza hali ya barabara kama rubani. Wiki hii ametimiza miaka sitini na tano, na wiki hiihii ameigonga nguzo ya lango la parokia. Kesho kwaya yetu inakwenda kuimba harusini Kakanda. Padri amesema wanakwaya wakikubali kupanda, Commandant ataendesha, wasipokubali, basi. Leo asubuhi redio ya Joëlle ilisema kuna watu wanaotaka marubani wa ndege za abiria, ambao husimamishwa wakifika sitini na tano, waongezewe miaka miwili. Tuliirukia habari hiyo kwa shukrani. Nguzo hakuna aliyeitaja.

— Miaka mbili ni kidogo, alisema Mukendi, tunayemwita Avocat ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi. Rubani wa sitini na tano, mwili yake haiko na sitini na tano.

— Iko na ngapi? akauliza Kazadi, ambaye ni Météo kwa sababu hutabiri kila kitu.

— Sikia. Ukitoka Lubumbashi unaenda Ulaya, saa inarudi nyuma. Kweli ao uongo?

— Kweli.

— Muntu anaenda kila semaine, miaka makumi tatu. Ile masaa yote banamurudishia, inaenda wapi? Inamuingia mu mwili! Ule muzee ni kijana ya makumi tano.

— Na akirudia huku, habamunyanganye ile masaa?

— Anarudiaka usiku, Avocat akajibu. Usiku haihesabiwe.

Commandant alikunywa kahawa yake polepole, sikio ametega.

— Minye nasema hivi, Météo akaanza. Kule ku ziwa Tshangalele, mulishaona mwewe muzee anaanguka juu ya muntu?

— Jamais!

— Voilà. Na mwewe haiko na pensheni.

— Labda anaanguka mu maji, alisema Joëlle, akimimina.

— Mama, acha siyansi iendelee. Alafu macho. Muzee anaona mbali, karibu njo haone. Minye nasoma jina ya farmasi toka hapa, mais mifupa ya samaki mu sahani siione. Sasa kule juu, kitu gani iko karibu? Hakuna! Yote iko mbali. Ile kazi balitengenezea bazee!

— Na wakati ya kushuka? Joëlle akauliza. Pale chini inakuja karibu.

Météo akafikiri kidogo.

— Pale rubani kijana wa pembeni ashushe. Muzee aangalie mbali, kijana aangalie karibu.

— Basi ata na makumi nane anaruka! Avocat akapiga goti lake. Na ile nguzo...

Avocat akamtupia Commandant jicho.

— Ile nguzo bailipanda mubaya, akamalizia upesi.

— Ilikuwa karibu sana, alisema Commandant kwa upole. Aksanti, bandugu. Njo vile. Nyiye munanielewa.

Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu siku ya nguzo. Ndipo akaja Émérence, kiongozi wa kwaya yetu, mwenye haraka kama kawaida.

— Jambo, bapapa. Niko napanga safari ya kesho. Munakubali Papa Barthélemy atuendeshe?

— Kabisa! alisema Avocat.

— Mupaka Ulaya! alisema Météo.

— Muzuri. Kiti ya mbele, pembeni yake, nani atakaa?

Avocat akachungulia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu tangu zamu ya mwewe. Météo akatazama mbinguni.

— Minye ni besi, Avocat akasema mwishoni. Besi inakaaka nyuma.

— Na weye, Papa Kazadi?

— Mbele kuna jua. Kesho jua itakuwa kali.

— Jana ulisema kesho mvua, Joëlle akamkumbusha.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Commandant alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama anavyotazama kioo kabla ya kurudi nyuma. Akatoa ufunguo wa basi mfukoni, akaupangusa kwenye shati, akampa Émérence.

— Peleka kwa ndugu yako Divin. Yeye aendeshe.

— Na weye, Papa?

Commandant akasimama, akatuzunguka, akaenda mwisho wa kulia, upande wa abiria. Météo akasogea bila kuambiwa.

— Ile kiti ya mbele haina muntu, alisema Commandant. Nitaikaa minye. Divin ataangalia karibu.

— Divin? Avocat akashtuka. Ule mutoto anaendeshaka kama muntu anakimbia mvua! Commandant, hautaogopa?

Mzee akainyoosha kola yake, akakishika kikombe karibu na mdomo kama kipaza sauti.

— Bapapa na bamama, tunaenda Kakanda. Huku mbele tunaona muzuri. Bale ba nyuma, mufunge mikanda. Na midomo.